Je, Wajua? Kichwa Kidogo cha Treni Hakisamehe Kosa Dogo

Safu ya leo ni ya wapenzi wa treni za modeli, hasa walioko Tanga, Muheza, Korogwe, Pangani na pwani yote ya kaskazini, mahali ambapo reli ya Tanzania Bara ilianzia. Tunauliza kwa nini vichwa vidogo vya treni huharibika upesi, kasoro hutoka wapi, na mnunuzi ajikinge vipi. Hoja yetu ni moja: kitu kinavyozidi kuwa kidogo ndivyo ukaguzi wake unavyotakiwa kuwa mkali.

TANGA NA RELI ZAKE

Je, wajua kwamba reli ya kwanza Tanzania Bara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893? Ilifika Pongwe 1894 na Muheza 1896, kisha kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikiijenga ikaishiwa fedha. Serikali ya kikoloni iliichukua 1899. Korogwe ilifikiwa 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Kilomita 352 zilichukua miaka 18.

Je, wajua kwamba ukiijenga njia hiyo ya Tanga hadi Moshi kwa kipimo cha 1:87, ambacho ndicho maarufu zaidi duniani kwa treni za modeli, utahitaji reli yenye urefu wa kilomita 4? Kwa kipimo cha 1:160 itakuwa kilomita 2 na mita 200. Ndiyo maana mwenye modeli huchagua kipande kimoja tu: stesheni ya Korogwe, kwa mfano, au kituo kimoja chini ya milima ya Usambara.

Je, wajua kwamba mkoa wa Tanga peke yake ulikuwa na reli za upana wa aina tatu? Reli kuu ilikuwa ya mita moja. Kutoka Tengeni kupanda Sigi, chini ya Amani, kulikuwa na reli ya milimita 750 iliyokamilika 1910 kwa ajili ya kuteremsha magogo ya msitu wa Usambara Mashariki. Na ndani ya mashamba ya mkonge kulitandazwa reli za milimita 600 za kubebea majani.

Je, wajua kwamba reli zote tatu zina saizi yake dukani? Kwa kipimo cha 1:87, reli ya mita moja hutengenezwa kwa upana wa milimita 12, ile ya 750 kwa milimita 9, na ile ya 600 kwa milimita 6.5. Reli mpya ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma, yenye upana wa milimita 1,435, huangukia milimita 16.5, saizi inayouzwa kuliko zote. Mpenzi wa treni wa Tanga akitaka kuonyesha historia ya mkoa wake kwa ukamilifu, lazima aingie kwenye saizi ndogo, na huko ndiko matatizo yaliko.

Je, wajua kwamba kuna saizi kubwa iliyobuniwa hasa kwa ajili ya reli za mita moja? Kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilitoa treni zake za LGB mwaka 1968. Reli yake ina upana wa milimita 45 na kipimo ni 1:22.5. Zidisha hizo mbili utapata kama mita moja na sentimita moja. Treni hizi zilikusudiwa kukimbia hata nje, bustanini, na uzito wake huzisaidia kuvumilia vumbi ambalo lingeisimamisha treni ndogo.

Je, wajua kwa nini kichwa cha treni cha shamba la mkonge hakikuruhusiwa kusimama ovyo? Jani la mkonge likishakatwa linatakiwa lifike kwenye korona, mashine ya kusaga na kutoa nyuzi, ndani ya siku mbili hivi, vinginevyo nyuzi huharibika. Na katika kila kilo 100 za majani, nyuzi ni kilo 4 tu au karibu na hapo. Maana yake mzigo ni mkubwa, muda ni mfupi, na injini ndogo iliyokwama porini ilikuwa hasara ya siku nzima.

Je, wajua kwamba mkonge huo wenyewe ulianza na mimea 62? Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za nyuzi za mkonge, na reli ndogo za mashambani zilikuwa sehemu ya kazi hiyo.

Je, wajua kwamba kutegemewa kwa vichwa vya treni kuliwahi kuchangia ushindi wa vita Tanga? Mwezi Novemba 1914, jeshi la Uingereza na India lenye watu kama 8,000 liliteremka Tanga. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliwaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi, wakafika kwa wakati, na wakashinda wakiwa kama 1,000 tu. 

HESABU YA UDOGO

Je, wajua kwamba ukipunguza urefu wa kitu mara 87, uzito wake haupungui mara 87? Hupungua mara 87 kwa 87 kwa 87, yaani zaidi ya mara 658,000. Chukua vichwa vya Garratt vya daraja la 59 vya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, vilivyotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester kuanzia 1955, vikiwa 34. Kila kimoja kilikuwa na tani zaidi ya 250 na kilipewa jina la mlima. Kwa 1:87 jitu hilo lingebaki na gramu 390 hivi. Kwa 1:160 ni gramu 62. Kwa 1:220, saizi ambayo Märklin walianza kuiuza 1972, ni gramu 24.

Je, wajua uzito huo unahusiana vipi na kuaminika? Kichwa cha treni ya modeli hupokea umeme kupitia magurudumu yake yanapogusa reli. Kikiwa kizito, gurudumu hukandamiza reli na umeme hupita hata kama pana utando wa uchafu. Kikiwa na gramu chache, hakuna cha kukandamiza. Kinasitasita, kinashtuka, kisha kinasimama. Watengenezaji hujaza kila upenyo wa ndani kwa metali nzito, lakini wana mota, gia na siku hizi sakiti ya kielektroniki vinavyogombea nafasi hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba vumbi halipunguzwi kipimo? Punje ya mchanga ya nusu milimita, ikiwa mbele ya treni ya 1:160, ni sawa na jiwe la sentimita 8 kwenye reli halisi. Unywele wa binadamu ni sawa na kamba yenye unene wa sentimita moja. Treni kubwa ingeruka au kuponda; ndogo hukwama.

Je, wajua kwamba kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita, ambalo jicho halilioni, ni kubwa mno kwenye reli ndogo? Kwenye njia ya upana wa milimita 9, kosa hilo ni sawa na kupotoka milimita 11 kwenye reli ya mita moja ya Tanga. Kwenye njia ya milimita 6.5 ni sawa na milimita 15. Mkaguzi wa reli asingenyamazia upotokaji huo. Kiwandani hupita kwa urahisi, kwa kuwa anayekagua haoni kitu.

Je, wajua kwa nini kichwa chenye magurudumu manne ndicho msumbufu kuliko vyote? Nukta tatu hukaa sawa juu ya uso wowote; ya nne hukaa kwa bahati. Fremu ikiwa ngumu na reli ikawa na kijimwinuko, gurudumu moja huelea. Umeme unabaki kwenye matatu, na likipata uchafu moja katika hayo, treni imezima. Vichwa vingi vya mashamba ya mkonge vilikuwa vya aina hiyo hiyo ya magurudumu manne, kwa hiyo anayeviiga kwa modeli hurithi tatizo hili. Suluhisho la kiufundi linajulikana: ekseli moja iachiwe icheze kidogo juu na chini. Huongeza gharama, na ndiyo maana viwanda vingi huliacha.

Je, wajua kwamba kampuni ya Busch ya Ujerumani ilitafuta njia nyingine kabisa? Treni zake za mashambani za milimita 6.5 zina sumaku chini ya kichwa, na ndani ya njia kuna chuma. Sumaku huvuta kichwa kwenye reli, hivyo uzito unaokosekana unapatikana kwa nguvu ya sumaku. Fundi aliyeanza kwa kukubali hesabu ya udogo alipata jibu.

Je, wajua kwamba Waingereza walikubali kosa la makusudi ili mota zienee? Vichwa vya Uingereza ni vyembamba kuliko vya Bara la Ulaya, na mota za zamani hazikuingia. Basi wakakuza mwili wa treni hadi 1:76 lakini wakabaki na reli ya 1:87. Kwa treni za milimita 9 walichukua 1:148 badala ya 1:160. Hadi leo treni nyingi za modeli za Uingereza husimama juu ya reli nyembamba kuliko stahili yake.

KASORO ZINAZOZALIWA KIWANDANI

Je, wajua kwamba kiwanda hakijaribu kila kichwa kinachotoka? Kwa kundi la vichwa 3,000, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, ISO 2859-1, katika ngazi ya kawaida huchukua 125 tu, mithili ya mpishi anayeonja mchuzi wa sufuria nzima kwa kijiko kimoja. Kiwanda kikijiwekea kikomo cha ubovu cha asilimia 2.5, kundi lote linapita hata kama katika hivyo 125 vimeonekana 7 vibovu. Ni cha 8 kinacholifanya likataliwe. Kwa hiyo kichwa kibovu kumfikia mnunuzi si ajali. Kilihesabiwa tangu mwanzo, na mnunuzi ndiye mkaguzi wa mwisho.

Je, wajua kwamba majina mengi tofauti kwenye maboksi yanaweza kuwa yametoka mikono ile ile? Kampuni ya Kader ya Hong Kong ilinunua Bachmann mwaka 1987, na mwaka 2009 ikachukua Sanda Kan, kiwanda kilichokuwa kikitengenezea kampuni kadhaa za Ulaya na Marekani. Hornby ya Uingereza ilihamishia utengenezaji China katika miaka ya 1990. Usidhani kubadili jina la boksi ni kubadili ubora. Uliza mfano huo hasa umetengenezwaje.

Je, wajua mlio wa gia iliyopasuka? Kichwa kikienda polepole husikika tiki, kimya, tiki, kimya, mara moja kila gurudumu linapomaliza mzunguko. Gia ya plastiki imesukumwa kwa nguvu kwenye ekseli ya chuma, na tangu siku hiyo inavutwa kutoka ndani. Miaka ikipita inapasuka ufa mwembamba kama uzi kati ya jino na jino. Ufa huo hupanua nafasi, na kila jino la gia jirani likifika hapo hugonga. Angalia kwa kioo cha kukuzia, hutaukosa. Gundi haifai kitu, kwa sababu mvutano uleule utaipasua tena. Inabidi gia mpya, na tundu lake liwe na kipimo sahihi.

Je, wajua kwamba chanzo kikubwa cha treni kuacha reli kwenye pointi, pale njia mbili zinapoachana, ni umbali kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja? Kwa treni za Uingereza za reli ya milimita 16.5, umbali wa ndani kutoka gurudumu hadi gurudumu huwekwa karibu milimita 14.5. Ukipungua nusu milimita, ukingo wa gurudumu hupanda juu ya reli ya kuongoza. Chukua kalipa ya kidijitali, pima pande tatu za gurudumu hilo hilo huku ukilizungusha. Vipimo vikitofautiana, gurudumu limekaa upande na kichwa kitatembea kikitikisika. Hapa kupima kunashinda kubishana.

Je, wajua kwamba mpira unaowekwa kwenye magurudumu ya modeli hutoa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine? Pete ya mpira huongeza mshiko, treni ikavuta mabehewa mengi. Lakini gurudumu lenye mpira halipitishi umeme. Kichwa cha magurudumu manne chenye pete mbili kimebaki na magurudumu mawili ya kupokea umeme. Na mpira wenyewe hukakamaa au kulegea kwa joto, ukatoka na kujizungusha kwenye gia.

Je, wajua kwamba metali inaweza kuoza kutoka ndani? Fremu nyingi hutengenezwa kwa zinki iliyochanganywa na aluminiamu, magnesiamu na shaba. Mchanganyiko huo uliboreshwa Marekani na kampuni ya New Jersey Zinc mwaka 1929, sharti likiwa zinki safi kabisa. Risasi ikizidi sehemu 5 kati ya 100,000, kutu huanza kutambaa ndani kwa ndani, kati ya chembe na chembe. Fremu huvimba, hupinda, kisha hubomoka mkononi. Hakuna dawa. Vitu vingi vya kuchezea vya kabla ya Vita Kuu ya Pili vimekufa hivyo, na tatizo limejirudia hata kwa treni za miaka ya karibuni pale kiwanda kilipotumia mabaki ya metali yasiyopimwa.

Je, wajua kwamba joto na unyevunyevu huharakisha uozo huo? Wapimaji wa metali huweka sampuli ya zinki kwenye mvuke wa nyuzi 95 ili kuona mapema kama ina uchafu. Pwani ya Tanga haina mvuke wa namna hiyo, lakini ina joto na unyevu mwaka mzima. Fremu chafu ambayo ingedumu miaka mingi kwenye kabati kavu Ulaya itaonyesha nyufa mapema zaidi hapa.

Je, wajua kwamba vipo viwango vya kimataifa vya treni za modeli? Chama cha wapenzi wa treni za modeli Marekani, NMRA, kilianzishwa 1935. Ulaya wana MOROP, iliyoundwa Genoa 1954, na viwango vyake vinaitwa NEM. Hupima upana wa reli, magurudumu, pointi, volti na viunganishi. Hakuna sheria inayomlazimisha mtengenezaji kuvifuata. Hufuatwa pale tu wanunuzi wanapovidai.

Je, wajua faida ya kiwango kimoja katika reli halisi? Reli ya Tanga na ile ya Uganda iliyoanzia Mombasa zilijengwa na mataifa mawili yaliyokuwa wapinzani, lakini zote kwa mita moja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliweza kuleta reli kutoka Voi hadi Kahe na kuiunga moja kwa moja na ya Tanga. Mwaka 1963 njia ya Mnyuzi hadi Ruvu iliiunganisha Tanga na Reli ya Kati, nayo ya mita moja. Vipimo vikilingana, treni hupita.

ADUI WA PWANI

Je, wajua kwamba chumvi hunywa maji kutoka hewani? Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevunyevu wa hewa ukifika asilimia 75, na pwani asubuhi nyingi hupita hapo. Upepo wa bahari unaacha chembe za chumvi kwenye reli za modeli, chembe zinavuta maji, na maji ya chumvi yanakula shaba na chuma. Reli za chuma hazifai Tanga. Tafuta za mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki.

Je, wajua kwamba boksi la plastiki lenye kifuniko cha mpira na vifuko vya silika ni kinga bora kuliko kabati la kioo? Silika hunyonya unyevu. Ikishiba, ikaushwe kwa moto mdogo na itumike tena. Kabati la kioo linapendeza macho, lakini hewa ya bahari huingia kupitia kila upenyo.

Je, wajua kwa nini mafuta ya nazi hayafai kwenye gia, hata yawe safi namna gani? Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwenye chumba chenye kiyoyozi treni inakuwa imepakwa mafuta magumu, na baada ya miezi yanachacha na kunata. Mafuta yoyote ya kupikia hufanya vivyo hivyo. Oili nyepesi ya cherehani inatosha kwenye ekseli za chuma, tone la ukubwa wa ncha ya sindano. Ikizidi, hufika kwenye reli na kukusanya vumbi.

Je, wajua kwamba utando mweusi kwenye reli si vumbi tu? Kila gurudumu linapokosa mguso kwa muda mfupi, cheche ndogo huruka na kuchoma uso wa metali. Masizi hayo yanachanganyika na oili. Wapenzi wengi siku hizi husafisha kwa vimiminika visivyovutia chaji za umeme, na mafuta ya taa ni mojawapo: loweka kitambaa kidogo, pitisha, kisha kausha kabisa kwa kitambaa kingine. Zima umeme kwanza, fungua madirisha, na usiwashe treni hadi harufu iishe.

Je, wajua kwamba zulia na mkeka wa katani, fahari ya Tanga, ni adui wa kichwa kidogo? Nyuzi zake hunyofoka, zikajizungusha kwenye ekseli hadi ndani ya gia. Treni za modeli zisikimbizwe sakafuni hata siku moja. Weka ubao mgumu uliopakwa rangi, ulioinuka angalau kufikia kiuno.

Je, wajua kwamba modeli iliyochapwa kwa printa ya 3D inaweza kupinda ndani ya gari lililoegeshwa juani? Plastiki ya PLA, inayotumika zaidi, hulainika karibu na nyuzi 60, na gari lililofungwa juani hufikia joto hilo juu ya dashibodi. Wanaotaka injini za zamani za Tanga mara nyingi hulazimika kuzichapa wenyewe. Watumie plastiki inayostahimili joto zaidi, au wazisafirishe jioni.

Je, wajua kwamba treni nyingi za 1:87 na 1:160 hutumia volti 12 za mkondo mnyoofu, sawa na betri ya sola? Inawezekana kabisa kuendesha treni kijijini ambako umeme wa gridi haujafika. Lakini betri ya gari au ya sola ina uwezo wa kutoa mkondo mkubwa kwa ghafla, na reli mbili zikigusana waya huyeyuka. Fyuzi ya ampea moja iwekwe karibu kabisa na betri, kabla ya kitu kingine chochote.

Je, wajua kwamba transfoma ya Marekani ya volti 120 ikichomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230 huungua? Ndugu wengi huleta zawadi kutoka ng'ambo bila kusoma kibandiko kilicho chini. Kisomwe kwanza.

KABLA HUJAKIPOKEA

Je, wajua kwamba Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lilianzishwa kwa sheria ya 1975, na Tume ya Ushindani, FCC, kwa sheria ya 2003, na kumlinda mlaji ni miongoni mwa kazi za tume hiyo? Tunza risiti. Bila risiti hata dai la haki halina pa kuanzia.

Je, wajua kwamba nduguyo aliyeko London ana siku 30 za kukirudisha kitu kibovu na kurudishiwa fedha zake zote, kwa Sheria ya Haki za Mlaji ya Uingereza ya 2015? Na aliyeko Ujerumani au nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya ana dhamana ya kisheria isiyopungua miaka miwili. Lakini haki hiyo inambana muuzaji wa huko. Kichwa kikishafika Tanga, posta ya kukirudisha yaweza kula nusu ya bei yake. Basi mwombe akifungue, akijaribu, ndipo akifunge kwenye sanduku la safari.

Je, wajua jaribio lenyewe lilivyo? Hatua ni hizi. Kwanza, kiweke juu ya kioo bapa na uguse pembe moja baada ya nyingine. Kikitikisika, fremu imepinda au gurudumu limekaa vibaya. Pili, pima umbali wa magurudumu kwa kalipa. Tatu, kiendeshe nusu saa kwenda mbele na nusu saa kurudi nyuma, bila mzigo, kwa mwendo wa wastani. Nne, punguza kasi mpaka kitambae, usikilize. Mlio unaorudi kila mzunguko ni gia. Harufu ya kuungua ni mota. Tano, kipitishe kwenye pointi mara nyingi, pande zote mbili, kikisukuma na kikivuta.

Je, wajua kwamba kusitasita kidogo kunaweza kutibiwa? Flaiwili, gurudumu zito la ndani, huendeleza mota kwa msukumo wake umeme ukikatika kwa muda mfupi. Kwa treni za kidijitali, ambazo mfumo wake uliwekewa viwango na NMRA miaka ya 1990, kapasita huhifadhi umeme wa kuvuka mahali pachafu. Hizi ni tiba nzuri, ila zisitumike kuficha fremu iliyopinda au vipokezi vya umeme visivyogusa.

Je, wajua kinachofanya viwanda vibadilike? Ni taarifa za kasoro zinazorudi zikiwa na vipimo. Ukimwandikia muuzaji kwamba treni ni mbovu, atajibu kwa pole. Ukimwandikia kwamba ekseli ya mbele ina milimita 14.0 badala ya 14.5, na ya nyuma imepinda, umempa kitu cha kupeleka kiwandani. Mdharau mwiba mguu huota tende: nusu milimita iliyoachwa kwenye kundi moja itakuja tena kwenye kundi lijalo.

Na je, wajua ni wapi pa kupata vipimo vya kweli vya injini za zamani? Jumba la Makumbusho ya Reli Nairobi, lililofunguliwa 1971, limehifadhi vichwa viwili vya daraja la 59: namba 5918, Mount Gelai, na 5930, Mount Shengena. Shengena ni kilele cha milima ya Upare, unakipita ukiifuata reli ya Tanga kwenda Moshi. Kipo pia namba 3020, Nyaturu, chenye jina la watu wa Singida. Nenda na futi ya kupimia, daftari na kamera. Anayetaka kutengeneza modeli sahihi ya reli zetu, au kumsahihisha mtengenezaji aliyeko mbali, aanze kwa kupima chuma chenyewe, kwa sababu hakuna kiwanda kitakachojali usahihi wa injini za Afrika Mashariki kabla yetu sisi tulioachiwa reli hizi.